Mahari Inayochechemea

Jumatatu, 11 Aprili 1966

Pasaka nzima nimepiga magoti. Si kanisani. Nyuma ya ng'ombe. Rateng', yule mweusi wangu, anachechemea tangu Ijumaa, na leo wenzake watatu wamemfuata. Wanne kati ya sita! Niliinua ukwato wa Rateng' nikachungulia. Katikati ya vidole pana kitu cheupe, laini, kama utando wa uji uliolala. Nikakinusa. Sitakinusa tena.

Mama alisimama mlangoni mwa jikoni, akaniita Cephas kwa ile sauti yake ya kuitia watoto, akasema hiyo ni kazi ya samadi. Mvua inanyesha kila alasiri, boma limekuwa tope la mavi, ng'ombe wanalala humo humo, kwato zinaoza. Dawa ni beleshi. Nikamwambia mimi ni fundi wa baiskeli, Migori nzima inanijua, mimi ni mtu wa akili na si mzoa mavi. Akasema ng'ombe hawana habari hiyo.

Yangeishia hapo, lakini Phelesia akapita dukani kwangu. Huyu ndiye ninayetaka kumwoa. Anashona nguo Rangwe, na alikuja Migori kununua nyuzi. Akasema baba yake, Mzee Caleb, anakuja na baba yake mdogo Jared Jumapili ya tarehe ishirini na nne kuona ng'ombe wa mahari. Na kwao ng'ombe haonwi akiwa amesimama. Anatembezwa, wazee wanatazama miguu. Akichechemea mmoja tu, wazee wanavaa kofia zao na kuondoka, na harusi inaondoka nao.

Nikajipiga kifua. Nikasema ng'ombe wangu wanatembea kama askari kwenye gwaride. Akacheka. Phelesia akicheka nasahau hata spana nimeiweka wapi. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi kutaka kitu hivi. Nampenda mpaka naogopa.

Lazima ipatikane dawa. Isiwe beleshi.

Jumatano, 13 Aprili

Homa Bay, kwa bwana wa mifugo. Nilikwangua kile cheupe cha kwatoni, nikakitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikapanda lori la samaki. Abiria wote tuliketi juu ya samaki wa jana. Baada ya Rongo walisimamisha lori wakaniomba nihamie nyuma kabisa kwa sababu ya harufu. Yangu, si ya samaki. Nilifedheheka.

Bwana wa mifugo alifungua kopo. Akalifunga. Akasema hiyo ni kuvu pamoja na vijidudu vingine, na vyote vinapenda tope, samadi na unyevunyevu. Nisafishe boma, ng'ombe wakae pakavu, kisha niwaoshe kwato kwa maji ya mrututu, ile dawa ya buluu inayouzwa kwa vipande. Nikauliza kama mrututu peke yake hautoshi. Akasema nikioga nikalala kwenye mtaro, nitaamka vipi? Nikauliza tena, kwa upole zaidi. Akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Haidhuru. Neno moja nililishika: pakavu. Kwato zikae pakavu. Hakusema lazima ardhi yenyewe ikauke! Njia nzima nilikuwa nikitabasamu peke yangu nyuma ya lori. Nina rundo la matairi ya gari yaliyochakaa. Tunawashonea watu viatu vya akala kwa matairi. Nani alisema ng'ombe ni marufuku?

Niliteremka Rangwe kumsalimu Phelesia. Alinisalimu kwa mbali kidogo. Akauliza kopo lina nini. Nikasema dawa. Akauliza inaponya nini hasa, nami nikakumbuka kwamba nina haraka.

Ijumaa, 15 Aprili

Siku kubwa katika maisha yangu. Viatu vya ng'ombe! Soli ya tairi, juu mpira wa tyubu, kamba za tyubu za kufungia. Jozi mbili kwa kila mgonjwa. Rateng' alinipiga teke la paja, nikaona nyota mchana, lakini ubunifu una gharama zake. Kufikia jua kutua wote wanne walikuwa wamevaa.

Mama alitoka jikoni, akatazama, akarudi jikoni. Nikamsikia akicheka hadi akakohoa.

Maroa naye alipita na baiskeli yake. Huyu ni Mkuria, jirani yangu wa kule juu mlimani kwenye mawe, na ng'ombe wake wana kwato zinazong'aa kama sahani za harusi. Simpendi kwa ajili ya kwato hizo. Alisimama akauliza kama ng'ombe wangu wanaanza shule Jumatatu. Watu wa aina hii ndio waliomcheka mtu wa kwanza kupanda baiskeli.

Jumapili, 17 Aprili

Mvua. Mvua kubwa. Viatu vyangu havipitishi maji kutoka chini, hilo nalisema kwa fahari. Yaliingia kutoka juu. Yakishaingia hayakuwa na pa kutokea. Ng'ombe wanne wamesimama tangu jana kila mmoja na ndoo nne za maji machafu miguuni.

Halafu tope likanyonya soli. Hawakuweza kwenda mbele wala nyuma. Nilimvuta Rateng' kwa kamba, naye akavuta mguu kwa hasira, kiatu kikachomoka, kikapaa juu ya ua na kumwangukia mwinjilisti aliyekuwa akitoka kanisani na shati jeupe. Alisema amenisamehe. Alilisema akiwa ameuma meno.

Nilipovua viatu vilivyobaki nikaona kuvu imestawi. Imepata nyumba, imepata joto, imepata maji. Sasa imepanda hadi juu ya kisigino. Kuku wa Mama walihamia kwa jirani wenyewe bila kufukuzwa.

Mama akaweka beleshi mlangoni pangu, akaliegemeza ukutani.

Wiki moja imebaki. Nimekaa na hofu ya kweli leo. Nimewaza Rangwe bila Phelesia, kisha nikawaza Phelesia na mume mwingine, fundi mwingine, labda wa cherehani.

Jumanne, 19 Aprili

Nimepata! Na ni rahisi hata naona haya kwamba sikuliona mapema. Wazee wanakuja kuona ng'ombe. Hawakusema waone ng'ombe wangu!

Nilipanda mlimani kwa Maroa. Nikamwambia nitapata wageni wa kanisa kutoka Kisumu, watu wa mjini, hawajawahi kuona ng'ombe wa maana, na nitashukuru nikiazimwa wanne kwa siku moja, wa kutazamwa tu. Nikiri kwamba habari ya mahari sikuitaja. Maroa ana mdomo, na angecheka. Akakubali, mradi nimtilie mnyororo mpya kwenye baiskeli.

Akanionya jambo moja. Wawili kati ya wanne hao si wake. Yule mwekundu mwenye baka jeupe la uso, na yule wa kijivu. Ni wa mzee mmoja mkubwa wa Rangwe, rafiki yake wa siku nyingi. Mzee huyo amewaficha huku mlimani ili ndugu zake wasijue, maana wakijua watawaomba wawe mahari ya wana wao, na ndugu hanyimwi. Kwa hiyo nisimtajie mtu yeyote. Nikaapa. Rangwe ina wazee wengi, mimi inanihusu nini?

Mpango wenyewe uko hivi: wazee watawaona hawa wazuri, watafurahi, watarudi kwao. Ng'ombe wa mahari watapelekwa Rangwe Juni, mvua ikikatika. Wangu watakuwa wamepona wenyewe kwa jua. Kuhusu rangi kuwa tofauti, nitasema ni malisho.

Nimelala usingizi mzito mchana huu dukani, na tabasamu usoni. Mteja mmoja aliniambia.

Jumamosi, 23 Aprili

Ng'ombe wa Maroa wameshafika. Wazuri mno! Nimewafunga kwenye majani mbele ya nyumba, mbali na boma. Wangu wanne wagonjwa nimewasukuma jikoni kwa Mama na kuziba mlango kwa magunia. Mama aliuliza kesho atawapikia wageni wapi. Nikasema nje. Akauliza mvua ikinyesha? Nikasema tusitangulize mambo.

Beleshi bado liko mlangoni. Nimelitundikia koti juu yake.

Jumapili, 24 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Wazee walifika kabla ya saa sita. Mzee Caleb, mrefu, mkavu, suti nyeusi. Jared mdogo wake, mnene, mcheshi, mwenye wana watatu ambao wote wanataka kuoa. Nikawakalisha vitini. Nikawatembeza ng'ombe sita mbele yao, wangu wawili wazima wametangulia. Kwato safi, hatua nzuri, hakuna aliyechechemea. Jared alianza kupiga makofi.

Kisha akapita yule mwekundu mwenye baka. Mzee Caleb akasimama. Akaketi. Akasimama tena. Nikajua uzuri umemzidi. Na ng'ombe naye akaacha mstari, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Caleb, akaanza kumlamba mkono kana kwamba wanajuana tangu zamani. Akaingiza pua mfukoni mwa koti la mzee akitafuta chumvi. Yule wa kijivu akaja naye akalamba upande wa pili. Mzee alikuwa anatoka kijasho chembamba huku akijaribu kuwasukuma kwa kiwiko.

Jared akasema hii ni baraka, ng'ombe wameipenda familia. Akasema Juni ni mbali, hao wawili waondoke leo leo, yeye mwenyewe atawaswaga hadi Rangwe, na mwekundu atamfaa mwanawe mkubwa kwa mahari yake.

Hapo Mzee Caleb akapaza sauti akasema hapana, ng'ombe hawa ni wagonjwa wa kwato. Nilishtuka! Nikasema Mzee, tafadhali, tazama mwenyewe. Akapiga magoti na suti yake, akainua ukwato, akasema kuvu hii hapa, inanuka. Jared akainama. Akasema haoni kitu wala hanusi kitu. Mimi nikaleta maji na kitambaa, nikaosha ukwato mbele yao, ukang'aa. Jared akanisifu. Mzee Caleb alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nitoke shule.

Ndipo Rateng' akalia kutoka jikoni. Nikakohoa. Akalia tena, wenzake wakaitikia, na gunia moja likaanguka. Harufu ikatoka polepole, ikatufikia mmoja mmoja. Nikajua nimekwisha. Niliona Phelesia wangu anapanda kilima cha Rongo akienda zake.

Mzee Caleb akauliza mle jikoni mna nini. Sikuwa na uongo uliobaki. Nikasema ni ng'ombe wangu wengine, wagonjwa. Akakimbia. Mzee wa umri ule, mbio! Akang'oa magunia, akawatoa wanne wale wakichechemea kwenye mvua iliyokuwa imeanza, na akasema kwa sauti kubwa kwamba hawa ndio anaowataka. Jared akamshika bega akamuuliza kama yu mzima. Mzee Caleb akasema ng'ombe anayechechemea haibiwi, haendi shamba la mtu, na kuvu ya kwato ni dalili ya ng'ombe aliyesimama kwenye ardhi yenye rutuba. Mahari imekubaliwa, wanne hawa na wale wawili waliotangulia mstarini, wasiongezwe wala wasibadilishwe. Neno limekwisha.

Nimekubaliwa! Mama aliketi chini kwenye majani mabichi akajifunika uso na kanga, mabega yakitikisika. Machozi ya furaha, nadhani.

Jioni Maroa alikuja kuchukua ng'ombe wake. Akauliza imekuwaje amekutana njiani na rafiki yake wa Rangwe, naye akageuza uso asimsalimu. Nikamwambia wazee wa siku hizi wana mambo mengi.

Kumbe kuvu ina wapenzi wake. Kusafisha boma sasa kutakuwa kuharibu mali.

Jumanne, 26 Aprili

Phelesia alikuja dukani. Alianza kucheka akiwa bado ng'ambo ya barabara. Alicheka akishika usukani wa baiskeli ya mteja asianguke. Alipopata pumzi akaniambia yote.

Ng'ombe wawili wale ni wa baba yake. Yule mzee mkubwa wa Rangwe ni Mzee Caleb! Mimi nilimletea baba mkwe ng'ombe wake mwenyewe kama mahari ya binti yake mwenyewe, mbele ya ndugu yule yule aliyefichwa habari zao. Angesema ni wake, Jared angejua. Angenyamaza, Jared angewachukua. Ndiyo maana aliwakumbatia wale viwete wangu. Tangu Jumapili hali ugali vizuri. Amesema nikinyamaza naye atanyamaza.

Niliketi kwenye tairi. Nikauliza, kwa hiyo kuvu haipendi? Phelesia akasema hakuna mtu duniani anayeipenda kuvu.

Kisha akaacha kucheka. Sikuwa nimewahi kumwona ameacha hivyo. Akasema wanaume wawili wameshamjia na mahari yenye kwato nzuri, akawakataa kwa sababu aliona maisha marefu bila kicheko. Mimi namchekesha, na ananipenda, alisema hivyo waziwazi katikati ya soko. Lakini kucheka si kuishi, na hataingia kwenye boma ambalo ng'ombe wanaoza wakiwa hai kwa sababu mwenyewe ana akili nyingi. Jumapili atakuja na viatu vyake vyeupe vya kanisani. Atapita ndani ya boma. Akitoka na viatu vyeupe, yeye ni wangu. Vikichafuka, anarudi Rangwe.

Nilimshika mkono. Nikaahidi. Nilikuwa nataka kulia, naandika hivyo bila aibu. Kesho nachukua beleshi.

Jumapili, 1 Mei

Jumatano nilichukua beleshi kweli. Nikazoa mara tatu. Mgongo ukakataa. Nikaketi juu ya ua kufikiri, na nikifikiri mimi huwa nafika mbali.

Phelesia alisema apite ndani ya boma. Maroa ana boma, juu kwenye mawe, safi kama meza. Kwa hiyo leo nilimpokea barabarani, nikamwambia nimehamishia boma mlimani kwa ajili ya afya ya mifugo, nikampandisha. Akapita ndani na viatu vyake vyeupe, akatoka na viatu vyeupe. Nikakaribia kuimba!

Akasema boma ni zuri. Akasema pia kwamba yule mwekundu anaonekana mzima, na kwamba alimpelekea chumvi hapa hapa akiwa na baba yake Krismasi iliyopita. Maroa alikuwa amesimama kando akitazama mawingu.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliteremka mwenyewe hadi nyumbani, akavua viatu, akanipa nimshikie, akakunja gauni, akaingia bomani na beleshi. Mama akamfuata na jembe. Maroa akaleta mrututu kwenye debe. Mimi nilisimama na viatu vyeupe mkononi, moyo unaniuma. Niliomba niwasaidie, Phelesia akasema nisiviangushe viatu. Wakazoa hadi mawe ya chini yakaonekana. Sikujua yapo. Wakaosha kwato moja moja, na Rateng', yule yule aliyenipiga teke, alisimama kimya akamwachia mguu.

Jioni akasema ng'ombe wote sita wataenda Rangwe polepole kuanzia kesho, awatibu mwenyewe pakavu. Nikauliza, basi tumekubaliana? Akasema ng'ombe wamekubaliwa. Mimi bado. Atarudi Agosti kutazama boma, siku atakayochagua yeye, na ataingia kwangu kwa mlango wa boma au hataingia kabisa. Akavaa viatu vyake, akanipangusa tope shavuni kwa kidole gumba, akaondoka. Mpaka sasa nalisikia shavu hilo.

Nimekaa nikihesabu bahati yangu. Ng'ombe hawatakuwepo, kwa hiyo mavi hayatakuwepo. Boma litabaki safi lenyewe hadi Agosti bila mimi kunyanyua mkono! Phelesia hakuliona hilo, na ni mwanamke mwerevu. Kilichobaki ni kidogo tu: boma tupu linatia aibu, wapita njia watasema Cephas amefilisika kabla ya kuoa. Nimeshamwona Maroa. Ananiazima ng'ombe wanane walale hapa mpaka Agosti, nami nimemrudishia beleshi lake lile alilomwazima Mama, maana sioni litakuwa na kazi gani tena.